Maharage yasiyoiva na jioni zinazopotea: tenganisha kuchemsha na kuunga

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Kwa nini maharage yako hukaa jikoni saa tatu na bado yana kiini kigumu. Kama mtu anayeishi peke yake anaweza kuyategemea kwa lishe ya kila siku. Na utapataje jioni isiyoishia kwa biskuti, umesimama, macho kwenye simu. Umelalamikia pia gesi tumboni, na una kilo nne za maharage ambazo tayari umenunua. Kwa maoni yangu maswali hayo matatu ni swali moja. Unaingia nyumbani saa moja na nusu usiku, njaa inauma, unatia kila kitu sufuriani kwa mkupuo: maharage, kitunguu, nyanya, maji. Hapo ndipo yote matatu yanapoharibika. Kuchemsha ni kazi moja na kuunga ni nyingine, na kwa mtu mwenye ratiba yako zisifanyike siku moja.

Nianze na ugumu. Ndani ya punje, seli zimeshikamana kwa pektini, kitu mfano wa gundi ambacho maji ya moto hukiyeyusha taratibu. Kikizuiwa kuyeyuka, utakesha. Mzuiaji mkubwa ni ukali wa nyanya, limau, siki au ukwaju. Ukiutia kabla punje hazijalainika, unaweza kuchochea moto hadi mchuzi ukauke na maharage bado yanagongana kwenye sahani. Wa pili ni maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Yana kalsiamu na magnesiamu, na madini hayo huikaza pektini. Wa tatu ni uzee. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu hubadilika kwa ndani: madini yaliyokuwa yamefungwa mahali pengine kwenye punje huachiliwa na kwenda kuikaza gundi ileile. Haya huvimba vizuri ukiyaloweka, yanakudanganya, kisha hayalainiki. Usiyachanganye na punje zinazobaki ndogo na zenye kung'aa baada ya usiku mzima majini. Zile zina ganda lisilopitisha maji. Zitoe tu.

Kama unaishi juu ya milima, ongeza na hili. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kila ukipanda mita 300 hivi hupungua kwa nyuzi moja, kwa hiyo kwenye mita 2,000 maji yako yanatokota kwa nyuzi 93 tu. Kuongeza moto hakusaidii kitu. Maji hayazidi joto hilo, yanakauka haraka tu. Dawa ya huko ni sufuria ya presha.

Na chumvi? Wengi wanaamini inayakaza. Kwenye maji ya kulowekea inafanya kinyume chake: sodiamu ya chumvi inachukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu kwenye ganda, ganda linalainika, na punje hazipasuki ovyo. Kwa nusu kilo ya maharage makavu tumia lita 2 za maji na vijiko 2 vya chakula vya chumvi. Kabla ya hapo yachambue kwenye sinia jeupe, utoe mawe, vipande vilivyokunjamana na punje zilizobunguliwa, halafu uyaoshe. Loweka saa 8 hadi 12. Nyumba ikiwa na joto weka kwenye friji, au badilisha maji katikati, maana ukikuta mapovu na harufu ya uchachu asubuhi, maharage yameanza kuchacha na hayafai. Maji ya kulowekea mwaga yote, suuza. Chumvi nyingi inaondoka nayo.

Umesahau kuloweka? Chemsha kwa dakika 2 au 3, zima, funika saa nzima, mwaga maji, endelea. Matokeo hayawi mazuri sana kama ya usiku kucha, ila yanatosha.

Sasa kuchemsha kwenyewe. Maji mapya, yapite juu ya maharage kwa vidole vitatu. Bila nyanya, bila limau, bila kitu. Moto mkali hadi yatokote kwa nguvu, na hapa usifanye mzaha: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Kutokota kwa nguvu kwa dakika 10 ndicho kiwango cha chini kabisa cha kuivunja. Kwa mekundu mimi hushauri 30, maana yatakaa jikoni zaidi ya hapo kwa vyovyote. Zile sufuria za umeme zinazopika polepole kwa saa nane ndizo hatari, kwa sababu joto lake linaweza lisifike kuchemka, na joto la chini linaweza kuiongezea lektini makali badala ya kuimaliza. Ukiwa nayo, chemsha kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

Baada ya hapo shusha moto hadi uone mapovu machache tu yakipanda, mfuniko ukiwa wazi kidogo. Yakipigwa na moto mkali muda wote, ya chini yanapondeka wakati ya juu bado magumu. Maji yakipungua ongeza ya moto, kwani ya baridi yanakatiza uchemkaji. Mengi huiva ndani ya dakika 45 hadi 90. Usionje punje moja ukatangaza yameiva! Chukua tano kutoka pande mbalimbali za sufuria, ziponde kwa ulimi dhidi ya kaakaa. Zote tano zilainike kama siagi. Hata moja ikiwa na chengachenga, ongeza dakika 15. Yakishaiva ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa.

Kwenye sufuria ya presha usijaze zaidi ya nusu, maana povu la maharage hupanda na kuziba tundu la mvuke. Kijiko cha mafuta hupunguza povu. Yaliyolowekwa yanahitaji dakika 10 hadi 15 tangu presha ipande, kisha zima na uiache ishuke yenyewe. Ukiitoa ghafla, maganda yanachanika na unapata uji.

Magadi ninayataja kwa sababu mtu atayataja. Yanalainisha kweli, kwa kuwa pektini huvunjika haraka kwenye maji ya namna hiyo. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi kidogo chakula kina ladha ya sabuni. Yaweke akiba kwa maharage mazee au maji magumu tu, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, basi.

Kipengele ambacho watu hukiruka ni kupoza. Mbegu za bakteria wengine huvumilia kuchemka; sufuria ikikaa vuguvugu usiku kucha zinachipua, na kati ya nyuzi 60 na 5 bakteria hao huzaana. Kuyachemsha tena asubuhi si kinga ya uhakika, kwa sababu baadhi ya sumu wanazotoa hazivunjwi na moto wa jikoni. Kwa hiyo: kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga mara mbili tatu, mimina kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, na vyote viwe kwenye friji ndani ya saa mbili. Mchuzi usimwage, maharage yalale ndani yake. Nusu kilo kavu hutoa kilo 1.2 hivi yaliyoiva, yaani milo sita ya gramu 200. Milo mitatu iache kwenye friji uimalize ndani ya siku 3 au 4, mitatu igandishe.

Asiye na friji asifuate ratiba hii. Apike kinachoisha siku hiyo, akitunze kwenye chombo cha kuhifadhi joto kingali kinafuka moshi. Au atumie choroko, ambazo haziombi kulowekwa na huiva kwa dakika 30 hadi 40.

Kuunga sasa ndiyo kazi ya jioni, dakika 15. Mafuta kijiko kimoja cha chakula, kitunguu maji kimoja, moto wa kati, dakika 5 hadi 7 hadi kiwe na rangi ya dhahabu. Wengi hukitoa kikiwa cheupe halafu wanashangaa mchuzi hauna utamu. Vitunguu saumu punje mbili zilizopondwa, sekunde 30 tu, maana vikiungua vinatia uchungu sufuria nzima. Nusu kijiko cha chai cha bizari. Nyanya mbili, zikorogwe hadi mafuta yajitenge pembeni. Hiyo ndiyo alama kwamba ukali mbichi umekwisha. Tia maharage na mchuzi wake, ponda robo yake kwa mwiko ili mchuzi mzito upatikane bila unga wowote, acha dakika 5 yakitokota. Onja chumvi mwishoni, si mwanzoni, maana mchuzi unayo tayari. Kesho yake acha nyanya, tia karoti na majani ya kijani dakika 3 za mwisho. Keshokutwa yale bila kuungwa, yakipashwa moto kabisa hadi yatokote, kisha yamwagiwe mafuta na limau. Sufuria ni ileile na hujala kitu kilekile. Ungekuwa umeyaunga yote siku ya kwanza, siku ya tatu ungekuwa umeyachoka, na ndiyo maana wengi huacha.

Kuhusu lishe: gramu 200 za maharage yaliyoiva zina protini gramu 17 hivi na zaidi ya gramu 12 za nyuzinyuzi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Madini ya chuma yamo, ila ni ya aina ambayo mwili huyanyonya kwa shida. Vitamini C husaidia, nayo huharibiwa na moto, hivyo limau likamuliwe chakula kikishaepuliwa, au ule chungwa palepale. Chai na kahawa hufanya kinyume, ziahirishe kwa saa moja. Protini ya maharage ina upungufu wa methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ya nafaka ina upungufu wa kijenzi kingine, lisini. Ukila vyote viwili ndani ya siku vinazibiana pengo, si lazima viwe sahani moja. Kisichopatikana humo kabisa ni vitamini B12, kwa hiyo yai, maziwa, samaki au nyama viwe na nafasi yake katika wiki. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze kwanza na daktari wake, maana maharage yana potasiamu nyingi.

Gesi uliyoilalamikia inatokana na sukari fulani ambazo tumbo halina kimeng'enya cha kuzivunja, zikafika kwenye utumbo mpana na bakteria wakazichachusha. Kumwaga maji ya kulowekea hupunguza. Kinachosaidia zaidi ni kuanza na vijiko vitatu vinne kwa siku na kuongeza taratibu kwa wiki mbili tatu, badala ya kujaza bakuli siku ya kwanza baada ya mwaka bila maharage.

Na jioni zako. Jumamosi usiku loweka, kazi ya dakika tano. Jumapili yachemke wakati unafua au unasoma, huhitajiki kuyasimamia. Jumatatu hadi Jumatano kula ya kwenye friji. Jumatano usiku hamisha chombo kimoja kutoka kwenye friza kwenda sehemu ya chini ya friji, na kila usiku unaofuata fanya hivyo. Ukiingia nyumbani, kabla hujawasha jiko, weka sahani, glasi ya maji na kijiko mezani, na simu uiache kwenye chaji chumba kingine. Mpangilio huo una kazi yake: meza ikishatandikwa, mtu huona tabu kula kutoka sufuriani. Chakula kikiwa tayari kwa dakika 15, zinabaki saa mbili za usiku ambazo zamani zilikwenda kwa kusubiri na kukasirika. Uzitumie kwa nini, ni juu yako, ila mlo wa sita mimi ningeugeuza kuwa wa mgeni, kwa sababu kumwalika mtu ni rahisi sana pale ambapo kazi iliyobaki ni kuunga tu. Usiongeze sufuria ya pili ya kitu kingine mwezi wa kwanza. Wanaopanga menyu ya siku saba kwa wakati mmoja huishia na mboga zilizonyauka.

Zile kilo nne ulizokwisha kununua usizitupe kabla ya kuzipima. Hesabu punje 20, ziloweke usiku, uone ngapi hazijavimba. Zilizovimba zichemshe kwenye maji matupu dakika 90. Zikilainika, tatizo lilikuwa nyanya. Zisipolainika, rudia na punje nyingine 20 kwa maji ya chupa yasiyo na madini mengi: zikilainika safari hii, lawama ni ya maji yako. Zikikataa tena, ni mazee. Pika yote kwa presha dakika 25 hadi 30 pamoja na ile robo kijiko ya magadi, na mara nyingine nunua kidogokidogo, kiasi cha kumaliza ndani ya miezi michache.