Shangazi Anajibu: "Akifika 13 utalia"

Barua tatu za mara hii zinazunguka jambo moja, matineja, basi nimeziweka pamoja. Moja ya mama, moja ya baba, na moja ya kijana mwenyewe ambayo ndo imeniuma kuliko zote.

*Shikamoo shangazi. Binti yangu kafikisha miaka 14 na simwelewi tena. Zamani akirudi shule ananisimulia mpaka nachoka, sasa hivi ukimuuliza siku imeendaje anasema "poa" basi, mlango kafunga. Jumamosi anaamka saa sita mchana. Dada yangu aliniambia toka zamani subiri akifika 13 utalia, naona ndo haya. Nimeanza kumpekua simu usiku akilala. Nifanyeje kabla hajaharibika? – Mama mwenye hofu*

Marahaba mwanangu. Nimesoma barua yako mara mbili natafuta kosa alilofanya huyo binti, sijaliona. Kafunga mlango, kajibu kwa ufupi, kalala. Ungeniandikia kwamba mumeo ndo anafanya hayo matatu tungesema wote kachoka tu na kazi, tungemwacha apumzike.

Usingizi tuumalize haraka. Mwili wa mtu aliyebalehe unachelewa kutoa melatonini, ile homoni inayoleta usingizi, kwa hiyo saa nne usiku wewe unasinzia kwenye kochi yeye macho makavu kabisa, na asubuhi kengele ya shule haimsubiri. Anahitaji saa 8 mpaka 10, siku za shule hazipati, sasa Jumamosi analipa deni. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao walishauri mwaka 2014 kwamba shule za rika hilo zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, sababu ni hiyohiyo. Sio uvivu.

La dada yako ndo lina mambo. Hii habari kwamba ujana lazima uwe vurugu ina watu walioieneza, na mkubwa wao ni mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa G. Stanley Hall, ambaye mwaka 1904 alitoa kitabu kinene cha majuzuu mawili akauelezea ujana kama kipindi cha dhoruba na misukosuko, na neno likashika mpaka leo linazunguka kwenye vikao vya familia bila watu kujua limetoka wapi. Shida ni kwamba wengi walioandika baada yake walikuwa wanatibu vijana wenye matatizo, sasa ni kama fundi magari aape kwamba magari yote duniani ni mabovu, kwa kuwa kila linaloingia gereji kwake limevutwa kwa kamba. Miaka ya 1960 Daniel Offer, daktari wa magonjwa ya akili kule Chicago, akaenda kwa vijana wa kawaida walioko shule, akawahoji na kuwafuatilia kwa miaka, akakuta wengi wao wako sawa tu, wanapatana na wazazi, na wakigombana ni vitu vidogovidogo. Hizo dhoruba kwa wengi hazikuwepo.

Alafu kuna hili ambalo dada yako akae alisome. Mwaka 2009 Christy Buchanan na mwenzake walitoa utafiti wa kina mama na watoto wanaoingia ujana, na waliokuwa wanategemea ukorofi toka mapema ndo walioelekea kuuona mwaka uliofuata, iwe mama iwe mtoto mwenyewe. Yani ile "utalia" sio utani wa bure.

Na mi sina mdomo wa kukusema sana. Mtoto wa kaka yangu akiwa na miaka 15 alirudi saa tatu usiku, viatu vimelowa chapachapa, nikamuanza mlangoni hata hajavua, umetoka wapi, ulikuwa na nani, hebu sogea hapa, nikamnusa mpaka mdomo. Alisimama tu ananiangalia maji yanachuruzika kwenye kapeti langu. Kesho yake jirani anagonga kuja kushukuru, kumbe kijana alimbeba mtoto wake mgongoni kwenye mvua ile mpaka kwao. Nikamuomba msamaha, akasema yameisha, lakini mwaka mzima nikimuuliza kitu ananijibu "poa". Kwa hiyo "poa" ya binti yako naijua.

Acha kupekua simu, na mwambie kwamba ulikuwa unapekua kabla hajagundua mwenyewe, maana atagundua. Maswali ya uso kwa uso kama polisi yapunguze, kaa naye mkifanya kitu, mnakunja nguo, mnaosha vyombo, kila mtu macho yako kwenye mikono yake, hapo ndo stori zinatoka. Ukimuona ameacha marafiki wote, hali chakula, vitu alivyovipenda havimgusi tena wiki baada ya wiki, au anaongea habari za kufa, hapo usiandikie magazeti, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Mlango kufungwa ni mlango tu, kesho gonga kabla hujaingia uone.

*Shangazi habari. Jioni kuna vijana wanakaa kikundi nje ya geti letu, wanacheka kwa sauti mpaka usiku. Hawajaiba kitu ila vijana wa sasa tunawajua, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Wapangaji tunafikiria kuwafukuza. – Baba wa ghorofa ya pili*

Nzuri kaka. Hiyo methali mimi imenichosha, maana anayeitumia kwa watoto wa watu, akienda kununua samaki anafunua mashavu ya mmoja mmoja na kubonyeza mgongo.

Sitakudanganya kwamba kikundi hakibadilishi kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, taa inabadilika, usimame au ujaribu bahati. Vijana wakiwa na wenzao pembeni walijaribu bahati sana kuliko wakiwa peke yao, watu wazima wao hawakubadilika. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi na pikipiki, magari, kuogelea, nakuelewa. Ila kucheka nje ya geti?

Hao "vijana wa sasa tunawajua" walishatabiriwa mabaya mengi. Mwaka 1995 huko Marekani profesa mmoja, John DiIulio, alitangaza kwamba kinakuja kizazi cha vijana wakatili kuliko waliotangulia, wanasiasa wakadaka, sheria zikakazwa, watoto wakahukumiwa kama watu wazima, na kumbe uhalifu wa vijana ulikuwa umeshaanza kushuka na ukaendelea kushuka. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba alikosea, wakati wapo waliokuwa bado jela.

Na kufukuza nako wenzako walishajaribu kitaalamu. Wales mwaka 2005, Howard Stapleton alitengeneza kifaa kinaitwa Mosquito, kinatoa sauti nyembamba kali ambayo masikio ya watu wazima wengi hayaisikii tena, ya vijana yanaisikia vizuri sana, unakifunga nje ya duka wanaondoka wenyewe. Fikiria mtoto mchanga aliyebebwa na mama yake anaisikia pia na hawezi kusema. Bunge la Baraza la Ulaya mwaka 2010 lilitaka vipigwe marufuku. Lakini nachopenda zaidi ni kwamba vijana waliichukua sauti hiyohiyo wakaifanya mlio wa simu, ikilia darasani mwalimu hasikii kitu.

Shuka na ngazi kaka, wasalimie, uwaambie ghorofa ya pili kuna watu wanalala saa nne. Umesema hawajaiba kitu, na kwenye barua yako yote sijaona mahali umewahi kuongea nao.

*Shkamoo shangazi. Nina miaka 16. Nikiingia dukani mlinzi ananifuata nyumanyuma, naambiwa niache begi mlangoni. Juzi mama mmoja kaingia mbele yangu na mkoba mkubwa kuliko begi langu hakuguswa. Nilikuwa nimetumwa dawa ya bibi. Nikahisi kama mwizi mpaka mikono ikawa inatetemeka wakati wa kulipa, na nadhani kutetemeka ndo kulimfanya aniangalie zaidi. Nikirudi nyumbani baba anasema nivumilie, na mimi nitakua. Nimuelewe? – Tineja wa begi*

Marahaba baba. Usimuelewe, kwa hili baba kakosea. Kukua sio dawa ya kuonewa, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani watu wa umri wa miaka 10 mpaka 19 ni kama mmoja kati ya kila watu sita duniani, sasa wote hao wavumilie?

Hiyo ya mikono nimeirudia kuisoma. Wewe umetumwa dawa, yeye anaona mwizi, kwa kuwa anaona mwizi unatetemeka, kwa kuwa unatetemeka anazidi kuona mwizi, na ukitoka pale na dawa yako ya bibi yeye hatasema nilikosea, atasema leo huyu kaogopa. Ndo maana watu hawa hawabadiliki kwa kukuangalia tu, hata uwe mwema vipi.

Kwa hiyo itabidi useme, na sio haki kwamba wewe ndo uibebe kazi hiyo, lakini ndo ilivyo. Sio kwa mlinzi, yeye katumwa kama ulivyotumwa wewe. Nenda na baba yako, aliyesema uvumilie aje aone, muulizie mwenye duka, umwambie kwa sauti ya kawaida hivi: begi naliacha bila shida kama kila mtu anaacha la kwake, na mkoba uachwe. Usiongeze kitu hapo. Atajichekesha, ataanza "unajua vijana wa siku hizi", mwache amalize, kisha muulize mimi nimefanya nini.

Niandikie alivyojibu.