Mkuu, usitumbukize soseji zilizoganda humo

Hapana, mkuu. Hapana kabisa.

Umeandika kwamba Jumamosi una wageni, na unataka kuwapikia coddle, ile ya Dublin ya soseji, bekoni, viazi na vitunguu, kwenye sufuria la umeme la kupikia polepole. Sawa. Halafu ukaongeza kwa raha zako kwamba soseji ziko friza, utazitupia humo hivyohivyo alfajiri, uweke Low, uende shifti, ukirudi jioni mambo yameiva. Na jamaa wawili hapo juu wamekujibu "haina shida, itajiiva yenyewe". Ina shida! Nimesoma tu tumbo likaanza kuninguruma, na leo sijala kitu.

Mimi naishi hukuhuku Dublin na hilo jaribio nilishalifanya kwa niaba yenu wote. Pakiti mbili za soseji zimegandana kama tofali, nikazilaza chini, bekoni juu yake, viazi na vitunguu vikafunikia, maji ya bomba, Low, mfuniko, huyoo nikaenda zangu kazini najiona mjanja. Jamaa wa kwenye video ya mapishi niliyoifuata alisema "tupia vyote, funika, sahau". Nikasahau kweli.

Jioni nafungua, mvuke unapanda, harufu safi. Nachoma kiazi kwa uma, kigumu katikati. Nachomoa soseji ya katikati ya lile tofali, naikata: nje imeshakuwa ya kijivu, kiini bado cha waridi na kinanata kwenye kisu. Mwenye akili angemwaga palepale. Mimi nikapandisha High, nikangoja mpaka uwaridi ukaisha, nikapakua. Shemeji yangu, aliyekuwa ametua kutoka Moshi na anayekijua kitimoto kuliko mimi na wewe, akaomba nyongeza.

Kabla ya usiku wa manane nyumba yetu ya choo kimoja ilikuwa na foleni. Shemeji kakumbatia ndoo, ananiuliza kwa adabu zote, "Shem, wenyeji hiki wanakula kila wiki?" Mke wangu hakuniuliza kwa adabu. Kesho yake shifti sikwenda, hela ya siku ikapotea, na mpaka leo kwenye kundi la WhatsApp la ukweni naitwa Mpishi Mkuu. Nimelizoea jina. Angalau ni cheo.

Sasa sikiliza ni kwa nini, maana kosa si "haikuiva". Mwishoni iliiva! Ndiyo maana nilijiamini. Hilo sufuria linapanda joto kwa kujivuta, hata ukiweka vitu visivyoganda. Watu wanadhani Low ni joto dogo na High ni kali. Kwa mengi ya masufuria haya joto la mwisho linakaribiana, pale chini kidogo ya mchemko, kinachotofautiana ni muda wa kulifikia. Ukitia barafu humo, saa nzima nzima zinapotea kuyeyusha tu, na nyama inakaa vuguvugu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya hapa Ireland inahesabu kati ya nyuzi 5 na 63 kuwa eneo la hatari, ndipo bakteria wanapozaana. Mimi niliwalaza humo mchana kutwa, na mfuniko nikawafunikia.

Na wapo wengine, kama wale wanaoitwa Staphylococcus, wakishazaana wanaacha sumu isiyokufa kwa moto. Uchemshe utakavyo, bakteria wamekufa, sumu ipo. Kwa hiyo ule ujanja wa kupandisha High jioni haurudishi kitu nyuma. Unasafisha rangi tu.

Yule wa video nilirudi kumtazama tena nikiwa kitandani. Ana aproni nyeupe, ana sauti ya upole, na soseji zake, ukisimamisha picha pale anapozimimina, zinajikunja! Laini kabisa, hazina hata chembe ya barafu. Alizitoa friji, hakusema. Nikamwandikia chini ya video yake, akanijibu kwa kikatuni cha kucheka machozi. Mungu anamwona.

Na wewe mjibuji wa kwanza hapo juu uliyesema "mimi naweka zimeganda kila siku na sijafa", hongera. Shemeji naye hakufa.

Kwa hiyo: kisichoyeyuka hakiingii. Ijumaa usiku hamisha soseji na bekoni kutoka friza kwenda friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee mboga. Ukisahau, zitie kwenye mfuko usiopitisha maji, zamisha kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, kisha zipike papo hapo. Ukisahau na hilo pia, achana na sufuria la umeme siku hiyo, tumia sufuria la kawaida jikoni. Coddle ilikuwapo Dublin kabla umeme haujaingia majumbani, chakula cha watu wa kawaida wa mjini, cha kumalizia soseji na bekoni zilizobaki kabla ya Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki walikuwa hawali nyama. Moto wa jiko unapandisha joto haraka, hauchezi. Na lile wazo lako jingine la kutega saa ili sufuria lijiwashe lenyewe saa tano? Ni kosa lilelile limevaa suti.

Viazi viende chini na pembeni, maana moto unatokea kwenye kuta na kitako, na viazi ndivyo vinavyochelewa kuiva. Soseji juu. Mchuzi mimina ukiwa wa moto, usizidi nusu ya kimo cha viazi, maana humo maji hayakauki, yanaongezeka. Ila kama lile bakuli la udongo la ndani ya sufuria limelala friji usilimwagie maji ya moto, litapasuka. Hilo sikulifanya mimi, alilifanya mwenzangu kazini, kwa hiyo leo nacheka kwa amani. Chumvi weka mwisho kabisa, bekoni na kidonge cha supu vinatosha kukutia kiu usiku kucha.

Wageni wakikuta soseji ni nyeupe nyeupe wasishtuke, ndivyo ilivyo, wenyeji wengi hawazikaangi kwanza. Jirani yangu, mama mtu mzima, mzaliwa wa hapahapa, alinitazama kwa huruma niliposema nakaanga. Nakaanga bado.

Ukiweza nunua kipimajoto cha kuchoma nyama, bei yake haifiki mshahara wa siku moja, naijua hesabu hiyo vizuri. Choma soseji ya katikati kabisa, isome nyuzi 75, ndipo upakue. Rangi usiiamini.

Naona uliuliza pia karoti, shayiri, na kama bia nyeusi inafaa. Watakuja wengine kukujibu hayo. Wewe niambie kwanza, hizo soseji umeshazihamisha?