Amepandikizwa nani, ini au mgonjwa?

SWALI: Mwalimu, naandika habari ya mwanamke ambaye ini lake lilishindwa kufanya kazi ghafla, akaokolewa kwa kuwekewa jingine. Niseme "amebadilishwa ini" au "amepandikizwa ini"?

JIBU: Kitenzi ni kupandikiza, hilo tulimalize upesi. Kimetokana na kupanda, na mkulima anakijua zaidi ya daktari: unauchimbua mche kitaluni pamoja na udongo wake, unaufukia shambani, unamwagilia na kungoja mizizi ishike. Daktari naye huunganisha mishipa ya damu na mrija wa nyongo, kisha hungoja. Kubadilisha si kosa katika mazungumzo, ila hakitoshi. Wapo wagonjwa wa aina hii ambao sehemu ya ini lao huachwa mwilini, kikawekwa kando yake kipande cha ini la mtu mwingine, ili lile la asili lipate nafasi ya kupona. Hapo ini halikubadilishwa. Limepandikizwa la pili.

Sasa nije kwenye linaloniudhi miaka yote. "Mgonjwa amepandikizwa"! Nalisoma magazetini, nalisikia kwenye taarifa za habari, na kila mara nashika kichwa. Kinachopandikizwa ni ini. Mgonjwa hupandikiziwa.

Chukua mfano huu. Mwaka 1963, mjini Denver, Marekani, daktari wa upasuaji Thomas Starzl alimpandikizia mtoto ini, upasuaji wa kwanza wa namna hiyo kwa binadamu. Mtoto hakupona. Sasa ondoa i moja tu: "Starzl alimpandikiza mtoto." Alimpandikiza wapi? Mtoto amekuwa mche, daktari amekuwa mtu wa jembe, na ini lenyewe halipo tena kwenye sentensi. Geuza iwe kauli ya kutendwa, "mtoto alipandikizwa", bado ni mche. Mwongezee ini mwishoni, "mtoto alipandikizwa ini", na msomaji analazimika kukisia nani kawekwa ndani ya nani. Lugha yetu ina kauli ya kutendea kwa kazi hii hasa, nasi tunaitupa!

Watetezi huniletea "amekatwa mguu". Mbona hatusemi "amekatiwa mguu"? Kwa sababu mguu ni wake. Ukikatwa, amekatwa yeye. Ini linalopandikizwa limetoka kwa mwingine. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa damu, huwekewa mguu wa bandia, hutundikiwa dripu. Jaribu kusema "mgonjwa ametundikwa" uone watu watakavyoshtuka. Na pale ndugu anapojitolea kipande cha ini lake (ini lina ajabu ya kukua tena baada ya kukatwa), chumba cha upasuaji kina watu wawili. Mmoja amekatwa ini, mwenzake amepandikiziwa. Kitenzi ndicho kinachomwambia msomaji yupi ni yupi.

Umeandika "ghafla", na nakushukuru kwa dhati. Wengi hupenda "kali", kana kwamba ukali hupima muda. Ukali hupima nguvu ya ugonjwa, basi. Madaktari hapa wanazungumzia ini lililokuwa zima likaacha kazi ndani ya siku au wiki chache, pengine kwa virusi vya homa ya ini, pengine kwa parasetamoli iliyozidi kipimo, hadi damu inashindwa kuganda sawasawa na mgonjwa anachanganyikiwa. Hilo ni la ghafla. Linalokwenda miaka ni sugu, neno la ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa kushika mpini siku baada ya siku. Sioni maneno mawili yanayofaa zaidi ya haya, na yote tunayo.

Kuhusu "ini limefeli", nimechoka kupigana. Kwangu kufeli ni kwa mitihani, na ini "limeshindwa kufanya kazi". Lakini wauguzi wanalisema, jamaa za wagonjwa wanalielewa, na mtu aliyesimama nje ya chumba cha wagonjwa mahututi hahitaji kusahihishwa na mimi.

Wewe andika hivi: "Mwanamke ambaye ini lake lilishindwa kufanya kazi ghafla amepandikiziwa jingine." Mhariri akiifuta hiyo i, irudishe.