Nyuki wakituvamia mlimani, tukimbie au tulale chini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na vijana wenzangu hupenda kupanda Mlima Loleza siku za mapumziko. Mwezi uliopita mwenzetu alimpiga nyuki kwa kofia, na kufumba na kufumbua kundi zima likatuvamia. Tuliolala kifudifudi, kama tulivyofundishwa utotoni, ndio tulioumwa zaidi, na mmoja wetu alivimba midomo na kushikwa na kizunguzungu. Tulikosea wapi? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Poleni sana. Kosa la kwanza ni ile kofia, na la pili ni kulala. Nyuki anapouma au kupondwa hutoa harufu inayokaribiana na ya ndizi mbivu, ambayo huwaita wenzake na kuwaonyesha pa kuuma, kwa hiyo anayelala karibu na mzinga huwa amebaki palepale wanapopalinda. Kimbieni mara moja, mkifunika uso kwa shati lakini mkiacha macho yaone njia, maana kuanguka gengeni ni hatari kuliko miiba, wala msisimame mpaka mfike ndani ya nyumba au gari, au mita mia kadhaa kutoka mlipovamiwa. Msijitose mtoni, kwa kuwa nyuki huweza kuwangoja juu ya maji hadi mtakapoibuka kuvuta pumzi.

Ukali wa nyuki wetu si wa kusingiziwa: malkia waliopelekwa Brazil mwaka 1956 kutoka Tanganyika na Afrika Kusini ndio asili ya nyuki wakali walioenea baadaye hadi Marekani. Hata hivyo, mara nyingi hutoa onyo. Nyuki mmoja au wawili wakikugongagonga kichwani bila kuuma, hao ni walinzi. Rudini mlikotoka kimyakimya, bila kupunga mikono. Manukato na nguo nyeusi ziacheni nyumbani.

Mkishafika salama, ng'oeni miiba upesi, hata kwa kucha, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu mwilini baada ya nyuki kuondoka. Aliyeumwa mara nyingi apelekwe hospitali hata kama anajiona mzima. Huyo aliyevimba midomo alikuwa na dalili za mzio, ambao mara nyingine huziba koo kwa dakika chache; amwone daktari kabla ya kupanda tena, amweleze yote yaliyompata, na aulize kama anapaswa kutembea na sindano ya adrenalini.