Kabla Hujamkabidhi Mtu Jasusi Wako

Tangu Juni 2025, kampuni ya filamu ya Amazon MGM walipotangaza kwamba filamu ijayo ya James Bond, yule jasusi wa Uingereza, itaongozwa na Denis Villeneuve, vijiwe vya wapenda muvi hapa Mwanza havijatulia. Wapo wanaosema Mkanada huyo kachelewa kupewa, wapo wanaosema atatulaza usingizi. Mimi naulizwa kuliko wengine kwa sababu nimekulia kwenye banda la video la mjomba wangu pale Kirumba, na sasa nina kikundi kinachotengeneza hadithi za kikachero za vipande vipande na kuzirusha YouTube. Tumeshapitia waongozaji zaidi ya mmoja, na tumeona wanavyokuja na wanavyoondoka. Kwa hiyo ninayosema hapa si ya shabiki peke yake. Ni kwa yeyote mwenye mfululizo mkononi anayetafuta mtu wa kumwachia.

Watu wakitafuta muongozaji huanza na majina: fulani ana tuzo, fulani ana wafuasi. Jina lisubiri. Kwanza kaa na kazi ya mwisho uliyotoa, iangalie kwa jicho la mtu asiyekupenda, uone imekuachia nini. Mwaka 2002 wenye Bond walikuwa na picha iliyojaza kumbi, Die Another Day ya Lee Tamahori, yenye gari lisiloonekana na stelingi anayeteleza juu ya wimbi la kompyuta. Pesa ilikuwepo, ila jasusi alishageuka katuni. Baada ya gari lisiloonekana unaongeza nini, suti isiyoonekana? Wakamrudia Martin Campbell, aliyewaongozea GoldenEye mwaka 1995 baada ya mfululizo kukaa miaka sita bila picha mpya. Hakuwa jina la kutetemesha mtu. Alikuwa anajua kuanzisha gari lililozimika, na mara zote mbili alipewa stelingi mgeni: kwanza Pierce Brosnan, kisha Daniel Craig kwenye Casino Royale ya 2006.

Hiyo Casino Royale naomba nikae nayo, maana ndiyo iliyonifundisha kipimo ninachokitumia mpaka leo.

Banda la mjomba lilikuwa na spika mbovu na wateja wasiokisikia Kiingereza: wabeba mizigo wa soko la samaki la Mwaloni, vijana wa mtaani, na siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa, kwa kuwa mwezi ukiwaka taa zao haziwavuti dagaa na wao wanabaki nchi kavu. Muvi za ngumi kutoka Hong Kong zilipita bila shida. Za kijasusi zilikuwa mtihani. Watu wawili wakikaa mezani na glasi zao na kuanza kuongea, benchi la nyuma linaanza soga, mwingine anatoka kununua karanga, na mimi mlangoni najua kwamba kesho kiingilio kitapungua. "Huyu kachero mbona anaongea kuliko kupiga?" Nilikuwa nalisikia hilo swali mpaka nikawa nalisubiri.

Casino Royale inafungua vizuri kwa watu wa huku, kwa sababu baada tu ya majina kupita yanatokea maandishi ya Mbale, Uganda, na banda zima likalipuka: Mbale! Hapo hapo jirani! Lakini kilicholinyamazisha banda ni kile kipande cha kufukuzana kwenye jengo linalojengwa. Hadithi inasema ni Madagascar, ingawa kilipigwa Bahamas. Anayekimbia ni Sébastien Foucan, mmoja wa waanzilishi wa ule mchezo wa kuruka kuta na mapaa, na anapanda vyuma kana kwamba vimewekwa kwa ajili yake. Bond yuko nyuma, anahema, anachukua tingatinga. Halafu inakuja sekunde chache ninazoweza kuzichora nikiwa nimefumba macho: Foucan anafika kwenye ukuta mwembamba, anaona uwazi mdogo juu yake, anajirusha na kupenya bila kugusa kitu. Bond hautafuti uwazi. Anaupasua ukuta kwa mwili wake na kutokea upande wa pili akiwa na vumbi jeupe.

Banda lilicheka, kisha likapiga makofi. Mzee mmoja mvuvi akasema kwa sauti, "Huyu hajui kuruka, ila hakuachi."

Neno la Kiingereza hakulisikia hata moja, na tayari alishaelezwa stelingi huyu ni mtu gani: mgeni kazini, mbabe, hana kipimo, hakati tamaa. Mbele kidogo bosi wake anamsema kwa maneno, na pale bandani hakuna aliyeyahitaji. Hiyo ndiyo kazi ya muongozaji wa majasusi. Vurugu kila mtu anaweza kupanga. Ukiwa na fundi wa kuruka na fundi wa baruti, umepata vurugu. Swali ni kama ile vurugu inakwambia kitu kuhusu mwenye kupigana ambacho hukukijua dakika moja nyuma.

Ndiyo maana kwetu mtu akija anataka kuongoza, hatumwombi barua wala orodha ya kazi. Tunampa hali moja: mtu anakwenda Mwaloni kuchukua bahasha kwa muuza dagaa, na anahisi anafuatwa. Atuletee dakika tatu, bila sauti, bila maandishi, bila muziki. Utashangaa wangapi wanarudi na miwani myeusi na koti. Koti, Mwanza, saa saba mchana! Dada mmoja aliyekuwa anashuti harusi Igoma alituletea jamaa anayenunua dagaa kwa kweli, anapatana bei, anakataa kipimo, anarudisha, na muda wote jicho lake liko kwenye beseni la maji mbele ya muuzaji kwa sababu humo ndimo anamwona aliye nyuma yake. Tulimpa kazi siku hiyo hiyo.

Kipimo hicho hicho kinamwangusha hata mtu mwenye heshima zake. Quantum of Solace ya 2008 iliongozwa na Marc Forster, mtu mzuri wa hadithi za hisia. Ile picha inaanza na magari yakifukuzana, na imekatwakatwa kiasi kwamba bandani tuliulizana nani kamgonga nani. Lakini nimtendee haki: waandishi wa Marekani waligoma Novemba 2007, na kazi ikamkuta skripti haijakaa sawa. Filamu ikatoka na dakika 106, wakati ile ya Campbell ilikuwa na 144. Usimpime muongozaji kwa skripti ambayo haikuisha. Na kama wewe ndiye prodyuza, usimwite kabla haijaisha. Kwetu kamera haitoki begini mpaka ukurasa wa mwisho uwe umeandikwa, hata kama boti ya kushutia imepatikana bure.

Kuna njia nyingine ambayo vikundi vidogo vingeitumia zaidi: mtu wa nyumbani. Peter Hunt alikuwa edita wa Bond wa mwanzo kabla hajapewa On Her Majesty's Secret Service mwaka 1969. John Glen naye aliedit ile ile ya Hunt na kuongoza kikosi cha pili, yaani kile kinachoshuti vipande vya vitendo bila muongozaji mkuu kuwepo. Ndiye aliyesimamia ule mruko wa The Spy Who Loved Me ya 1977, mtu anateleza kwenye theluji mpaka ukingo wa mlima kule kisiwa cha Baffin, Kanada, anaanguka kimya, kimya, halafu parachuti lenye bendera ya Uingereza linafunguka. Kilichofanya watu wapige makofi ni ile subira kabla ya parachuti, na subira ni akili ya edita. Baada ya hapo akakabidhiwa picha tano mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1989, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia kwenye mfululizo huo. Edita wako anajua makosa ya kila mtu kwa sababu ndiye anayeyaficha. Mpe kwanza kikosi cha pili, umwone.

Kwa majina makubwa, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hilo si baya mradi ngoma isipasuke. Sam Mendes alikuja na Oscar yake mkononi, na Skyfall ya 2012 ikapita dola bilioni moja. Lile pambano la Shanghai, vivuli viwili vikipigana mbele ya vioo vyenye taa za matangazo, linapita kipimo cha bila sauti kwa urahisi kabisa. Ila tazama na aliyekuwa nyuma ya kamera: Roger Deakins. Ukimwajiri muongozaji, muulize anakuja na nani, kwa maana wakati mwingine unachokipenda kwake ni cha mwenzake. Mendes alirudi na Spectre mwaka 2015, na kwa maoni yangu hapo ndipo ngozi ilivutwa mno: adui wa dunia nzima akageuka kuwa mtu aliyelelewa nyumba moja na stelingi, na dunia yote ikawa ukubwa wa sebule moja. Mkataba wa kazi moja moja unatosha. Akifanya vizuri mtaongea tena, na muongee kama wageni.

Wala usiogope anayeondoka mapema. Danny Boyle aliachana na Bond mwaka 2018 kwa kutoelewana kuhusu kazi, Cary Joji Fukunaga akachukua nafasi na No Time to Die ikatoka 2021. Kutoelewana kabla ya kushuti ni soda na nauli. Baada ya kushuti ni kesi.

Sasa Villeneuve. Kwa vitendo bila maneno simtilii shaka. Kwenye filamu yake ya Sicario kuna msafara uliokwama kwenye foleni mpakani, magari hayasogei, na shingo yako inakauka kwa kuangalia madirisha ya magari ya jirani. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo kabla ya daraja, akiwa na mgonjwa ndani ya gari, anaijua ile hali. Deakins alikuwepo hapo pia. Wasiwasi wangu ni kicheko. Bond bila utani ni askari tu, na kwenye muvi za huyu bwana sikumbuki nilipocheka.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba anaingia kwenye nyumba iliyobadilisha wenyewe. Waongozaji wote niliowataja walikuwa wageni wa familia ya Broccoli, watayarishaji wa Bond kwa miaka yote hiyo. Barbara Broccoli na Michael G. Wilson walikuwa na neno la mwisho mpaka Februari 2025, walipowaachia Amazon MGM usukani wa ubunifu. Watayarishaji wapya ni Amy Pascal na David Heyman. Vijiweni hawa hawatajwi, na mimi ndio ninaowaangalia. Pascal alikuwa juu kabisa Sony wakati Sony wanasambaza Casino Royale na Skyfall. Heyman ndiye aliyezitayarisha filamu nane za Harry Potter, kuanzia 2001 hadi 2011, akipitisha waongozaji wanne: Chris Columbus akaijenga ile dunia, Alfonso Cuarón akaitia giza kwa picha moja tu, Mike Newell akafanya yake, na David Yates akabaki mpaka mwisho kwa picha nne. Mtu aliyejua amwondoe nani lini, na amwache nani abaki, ataweza kumwambia Villeneuve kwamba sini fulani imezidi urefu.