Mililita nne kabla ya neno "shujaa"

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Waandishi wa masimulizi ya kweli huwaonyeshaje watu wa kawaida wanaofanya kazi kubwa, na hukosea wapi?" Hukosea pale wanapomsifu mtu kabla hawajaijua kazi yake. Ningeweza kuishia hapo, lakini mmetupa nafasi, kwa hiyo tushuke kidogo mpaka ufukweni.

Goma ni mji wa mashariki mwa Kongo uliokaa ukingoni mwa ziwa Kivu, ziwa la kilomita za mraba zipatazo 2,700, na bado watu wengi wanachota maji kwa bidoni, yaani madumu. Penye machoteo huwekwa mtu wa klorini. Ana ndoo ya plastiki yenye kifuniko, seringi isiyo na sindano, na foleni isiyokwisha. Kila bidoni inapitia kwake, inapata dozi yake, inaondoka. Mtu huyu ameandikwa mara nyingi, na karibu kila mara ameandikwa hivi:

"Kila alfajiri mama huyu jasiri huamka kwenda kuokoa maisha ya maelfu. Licha ya vita na umaskini, tabasamu halimtoki usoni."

Someni tena mistari hiyo na mtafute kazi anayoifanya. Haimo. Ukiondoa "mama huyu" ukaweka mwalimu, mkunga au mzima moto, sentensi hazitabadilika hata nukta. Sasa linganisheni na hii, ambayo nimeitunga kwa ajili ya somo tu (kwenye gazeti, kutunga kungekuwa kosa la kufukuzwa kazi):

"Bidoni ya kwanza inafika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Anaiangalia bidoni kabla ya mwenye nayo. Ni ya njano, zamani ilibeba mafuta ya kupikia, na ndani ina utelezi wa kijani. Anairudisha: 'Osha na muchanga kwanza.' Ya pili inapita. Anavuta seringi mpaka alama ya 4, anamimina, anafunga kifuniko, anaigeuza bidoni juu chini mara mbili. 'Usikunywe mbele ya nusu saa.'"

Aya hii ya pili haina sifa hata moja, lakini msomaji anamaliza akimwamini huyu mtu. Kinachofanya kazi hapo ni kipimo. Na mwandishi hawezi kukiandika kipimo asichokielewa, kwa hiyo lazima ajifunze hesabu yake kama mwanafunzi wa zamu ya kwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unga wa klorini unaotumika sana una nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Gramu 15 zake ndani ya lita moja ya maji zinatoa dawa mama ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10 za klorini. Mililita 4 katika bidoni ya lita 20 ni miligramu 40, sawa na miligramu 2 kwa kila lita. Maji hula sehemu ya hiyo, na kinachotakiwa kubaki baada ya nusu saa ni kama miligramu 0.5 kwa lita. Lakini hiyo 4 haikushuka kutoka mbinguni. Asubuhi wanajaza ndoo nne za lita 20, wanatia mililita 2, 3, 4 na 5, wanasubiri dakika 30, kisha wanapima kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Ndoo iliyobakiwa na kiasi sahihi ndiyo inayotoa dozi ya siku hiyo. Mvua ikinyesha usiku na mifereji ikamwaga tope ziwani, dozi ya jana haifai tena, kwa sababu tope hula klorini kabla klorini haijala vijidudu. Dawa mama ikiachwa juani inapoteza nguvu, na ukiiweka ndani ya chombo cha chuma, chuma kinaliwa na dawa inaharibika. Foleni nayo inaleta bidoni za lita 20, za 10 na za 5 bila mpangilio, kwa hiyo mkono unatakiwa uruke kutoka 4 kwenda 2 kwenda 1 huku watu wanagombana nani alitangulia.

Kuna kosa jingine ambalo waandishi hawalioni kabisa: kuzidisha. Ukizidisha, maji yananuka, watu wananung'unika, na kesho nusu yao wanakwenda kuchota kwenye kona isiyo na mtu wa klorini. Mkono uliotaka kuwalinda sana umewapeleka kwenye maji mabichi. Hapo ndipo ilipo hadithi, kwenye mililita moja ya ziada, na hutaipata kwa kumuuliza mtu "unajisikiaje kuokoa maisha?" Swali hilo huzaa jibu la kwenye redio. Afadhali muulize: leo umefanya nini tofauti na jana? Nani alikufundisha, na wewe umebadilisha nini tangu hapo? Mtu akitaka kuiharibu kazi yako bila wewe kujua, afanyeje? Swali la mwisho linafungua mdomo wa fundi yeyote duniani, kwa sababu kila fundi anajua wizi wa fani yake.

Ugumu wa kazi ya namna hii kwa msimulizi ni kwamba ikifanikiwa, hakuna kinachotokea. Hakuna anayekiona kipindupindu ambacho hakikuja. Mwandishi mvivu hujaza pengo hilo kwa machozi. Mwandishi mwenye akili hutazama kazi yenyewe inasimama wapi, na historia huiingiza pale pale. Klorini inahitaji dakika 30 kabla maji hayajanyweka. Bidoni imefungwa, mwenye nayo amekaa juu yake anasubiri. Basi hapo, katika kusubiri huko, ndipo pa kumwambia msomaji habari za Julai 1994: mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka kuingia Goma kwa siku chache, wakanywa maji ya ziwa, na kipindupindu na kuhara damu vikaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Jiwe la lava lilikataa kuchimbika, vyoo vikashindikana, na makaburi vilevile. Msomaji akishameza hayo, mrudishe kwenye bidoni: dakika 30 zimetimia. Habari ileile ikiwekwa mwanzoni inakuwa somo la darasani. Ikiwekwa ndani ya kusubiri, inaipa ile nusu saa uzito wake.

Kila kazi ina mahali pake pa kusubiri. Msukuma chukudu, mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, akiwa kwenye mteremko kutoka Kibumba hana nafasi ya kueleza chochote: goti moja limekaa kwenye ubao, mguu mwingine uko tayari, na breki ni kipande cha mpira anachokandamiza kwenye gurudumu la nyuma. Hapo sentensi ziwe fupi. Njia ikianza kupanda, anashuka na kusukuma, na mwendo unakuwa wa hatua kwa hatua. Hapo sasa unaweza kueleza fremu ya mikaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, na nani alikichonga. Mjini tumemjengea sanamu ya rangi ya dhahabu, na ni nzuri, lakini katika maandiko mengi yanayomsifu hutakuta neno breki. Ukitaka kuandika uzito wa mzigo wake, hesabu magunia, kisha pima gunia moja kwenye mizani ya sokoni, kwa sababu gunia la makala lililonyeshewa si sawa na lililokauka. (Wasomaji wa Dar na Mombasa: makala kwetu ni makaa. Hata makala ya gazeti, yakipikwa vibaya, hutoa moshi tu.)

Mfano mkubwa wa uandishi huu si wa kwetu, lakini unafundisha. Tarehe 31 Agosti 1946 jarida la Marekani la The New Yorker lilitoa toleo zima kwa simulizi moja ya John Hersey kuhusu watu sita walionusurika Hiroshima. Anaanza na karani, Toshiko Sasaki, ambaye bomu linapolipuka ndiyo kwanza ameketi kazini na anageuza kichwa aongee na mwenzake wa meza ya jirani. Kuna mjane wa fundi nguo ambaye cherehani yake, chombo pekee cha riziki, aliitumbukiza kwenye tangi la maji ili isiungue, na baadaye ikatolewa imeshika kutu. Na kuna daktari kijana wa hospitali ya Msalaba Mwekundu, aliyetibu kwa siku tatu akiwa amelala saa moja tu, huku amevaa miwani aliyoitoa usoni kwa muuguzi aliyejeruhiwa, kwa sababu miwani yake mwenyewe ilikuwa imepotea. Hersey hasemi kwamba daktari huyo alikuwa shujaa. Anakupa ile miwani isiyolingana na macho yake, halafu anaendelea. Ukishajua kwamba anashona vidonda kwa miwani ya mtu mwingine, kivumishi cha nini tena?

Kuhusu kukusanya, nitaenda haraka. Siku moja haitoshi. Ziwe angalau tatu: siku ya kawaida, siku ya mvua, na siku ambayo kitu kimekwisha au kimevunjika. Fika kabla ya mteja wa kwanza. Kila ukurasa wa daftari uandikwe saa, na pembeni weka alama: N kwa ulichokiona, A kwa ulichoambiwa. Baada ya wiki mbili kumbukumbu huvichanganya viwili hivyo bila hata kukuomba ruhusa. Hesabu bidoni kwa saa nzima, mara mbili kwa nyakati tofauti, kisha linganisha na daftari la zamu. Tukio ambalo hukuliona lihitaji watu wawili walioliona kila mmoja kwa upande wake, pamoja na kitu kinachoshikika: risiti, ujumbe wa simu, ukurasa wa daftari. "Alifikiri kwamba" iandikwe tu kama amekuambia mwenyewe, na hata hivyo "anasema alifikiri" ni salama zaidi. Usiunganishe siku mbili kuwa moja ili zipendeze. Usiunganishe watu wawili kuwa mmoja, hata kama wote wanashika seringi.

Lugha. Mtu wa Goma akisema "usikunywe mbele ya nusu saa," anamaanisha kabla ya nusu saa. Mhariri wa mbali, ambaye kwake "mbele ya" ni mahali, husahihisha maneno hayo kuwa Kiswahili cha kitabu: "Tafadhali usiyanywe kabla ya dakika thelathini kupita." Ni sahihi, na ni ya mtu mwingine kabisa. Acha neno lake, maana litajieleza kwa kinachofuata. Maelezo yako wewe mwandishi yawe sanifu upendavyo. Kama mtu amesema Kinande au Mashi, lugha za huku kwetu, taja kwamba umetafsiri, na usimpe fasaha ambayo hakuwa nayo wala kumnyang'anya aliyokuwa nayo. Waandishi wengi huwafanya watu wa kazi za mikono waongee kama methali. Fundi akiwa kazini haongei methali. Anasema "sogeza", "lete", "bado".

Usalama wa mtu hauishii kwenye kubadilisha jina. Ukiandika "mama mmoja wa makamo, wa klorini, kwenye machoteo fulani, anayefunga kitambaa cha bluu," mtaa wote umeshamjua. Toa machoteo na kitambaa, acha utaratibu wa kazi, kwani utaratibu haumtaji mtu. Ridhaa iombwe mara mbili: siku ya kwanza, na tena baada ya kumsomea sehemu zinazomhusu. Kumsomea kuna faida nyingine, kwa sababu atakurekebisha. "Si mara mbili, nageuza mara tatu kama bidoni imejaa." Hayo ni marekebisho ambayo mhariri yeyote hawezi kukupa.

Nimalizie na lile linaloniudhi zaidi. Neno "shujaa" ni shuka pana, na chini yake hujificha wengi. Lava ya volkano ya Nyiragongo, Mei 2021, ilikata mabomba ya maji. Kabla ya hapo palikuwa na mitaa isiyofikiwa na bomba, na baada ya hapo pia. Mtu wa klorini anafanya kazi ya ajabu kwa sababu kazi ya kawaida, bomba lenye maji safi, haikufanywa na waliopaswa kuifanya. Simulizi inayomsifu bila kusema hivyo inawafanyia wao huduma ya bure. Haihitaji hotuba. Swali moja linatosha, nalo liulizwe kwa sauti na jibu liandikwe na tarehe: unga wa klorini ukiisha Jumatatu, nani analeta mwingine, na asipoleta, unafanya nini? Wengine watajibu kwamba wanapunguza dozi ili ndoo ifike jioni. Wengine watasema wanafunga na kwenda nyumbani, na foleni inachota hivyo hivyo. Jibu hilo, mwandishi, liweke katikati ya makala yako, karibu na ile nusu saa ya kusubiri. Mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia chini.

Msomaji, Goma