Mjukuu anapoamini kila tangazo

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni bibi wa Ngamiani, Tanga, ninayelea wajukuu wawili ambao mama yao anafanya kazi Dar es Salaam. Mdogo ana miaka 6. Juzi dukani aling'ang'ania kanga yangu mbele za watu, akilia nimnunulie kinywaji cha pakiti chenye picha ya katuni alichokiona kwenye televisheni, na shilingi 500 niliyoishika ilikuwa ya vitunguu. Mkubwa ana miaka 13, na nyuma ya daftari lake la Hisabati nimekuta ameandika mikeka ya kubeti, yaani utabiri wa matokeo ya mechi za Jumamosi. Je, niuze televisheni?

JIBU: Shikamoo bibi. Televisheni usiiuze, kwa kuwa matangazo hayo hayo yamo kwenye simu yako na kwenye ukuta wa duka hilo.

Nianze na mdogo, ambaye naomba usimwone mjeuri. Anaposema kinywaji kile kinaleta nguvu, anakuarifu jambo analoliamini kabisa. Mwaka 2004 jopo lililoundwa na chama cha wanasaikolojia wa Marekani lilihitimisha kwamba watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawatambui kuwa tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi, hivyo hulipokea kama habari ya kweli. Jimbo la Quebec, nchini Kanada, lilikuwa limekwisha kupiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980. Sebuleni kwako, bibi, mlinzi ni wewe.

Kaa naye katuni zinapoonyeshwa. Tangazo likianza, punguza sauti umuulize: "Hawa wanauza nini? Wanataka tufanye nini?" Siku ya kwanza atakutazama tu, lakini ukishika utaratibu huo ataanza kukujibu kabla hujauliza. Kisha siku moja, kwa hiari yako na si kwa kilio chake, inunue pakiti ile, mkae nayo jamvini, na kaka yake awasomee maandishi madogo ya ubavuni. Viungo huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na katika vinywaji vya namna hiyo mara nyingi utasikia maji, kisha sukari, huku tunda lililochorwa mbele likiwa ladha na rangi tu. Mkamulie na chungwa la Muheza, alionje papo hapo.

Simu asiingie nayo chumbani. YouTube huendelea kucheza video moja baada ya nyingine bila kuguswa. Jambo hilo huzimika kwenye mipangilio, na mkubwa ataweza kukuzimia.

Huyo mkubwa ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Sheria yetu inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini tangazo la kubeti humfikia kila mwenye masikio, nalo humwonyesha mshindi akishangilia, halimwonyeshi kamwe ambaye mkeka wake umechanika. Leo hii badilisha namba ya siri ya fedha za simu yako, bila kelele na bila kumtuhumu. Halafu lifungue daftari lile lile mbele yake. Mwambie apige hesabu: kama kila mechi ingekuwa na nafasi nusu kwa nusu, mkeka wa mechi 10, ambao ni lazima upatie zote, ungeshinda mara 1 tu katika 1,024. Kila Jumapili mkague pamoja mikeka aliyoiandika, na kwa kila uliochanika aandike pembeni shilingi 1,000 ambazo zingekuwa zimepotea. Mwisho wa mwezi ajumlishe mwenyewe.

Mpigie na mama yao umweleze haya yote kabla hajaja sikukuu, kwani akishuka kwenye basi na katoni ya vinywaji vile kama zawadi ya mdogo, itakubidi uanze upya.